Mtoto Aliyekosa Maswali Yote

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, ni ile aliyokuja Mwalimu Ndimbo nyumbani kwangu hapa kijijini Kanga na karatasi mkononi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nakuna nazi. Akabisha hodi, akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba ya mdomoni tu. Mwalimu kijana, mtu wa bara, hana mke, anafuata nini kwenye nyumba ya mwanamke aliye peke yake na binti wa darasa la saba? Mimi ndivyo nilivyo. Mtu akinipa pole kabla sijaumwa, namtazama mara mbili.

Usinicheke. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi niliumwa. Baba wa binti yangu Mwanahawa alikuwa mgeni, mvuvi wa dago kule Ras Mkumbi. Wale huja na msimu, wakapiga vibanda vyao ufukweni, samaki wakihama na wao wanahama. Alikuja na maneno matamu, akanioa mbele ya mashahidi, msimu ulipokwisha akaniambia anakwenda kusalimia kwao. Mpaka leo anasalimia.

Basi aliniachia Hawa, na Hawa alikuwa na akili, mashaallah, mpaka nikawa naogopa. Maana shule ya sekondari wakati ule ilikuwa mbali na sisi. Watoto waliofaulu walipanga vyumba huko huko, wanajipikia, hakuna mtu mzima wa kuuliza umelala wapi. Binti wa jirani yangu alikwenda na begi, akarudi na mimba. Nikaapa wangu haendi. Lakini mtoto akishafaulu utamzuiaje? Mtendaji wa kijiji atakuja kukuuliza. Dawa ni asifaulu. Nikamwita jikoni nikamwambia, "Ukilijua jibu, weka jingine."

Akaniuliza, "Yote, mama?"

"Yote."

Wala sikuwa wa kwanza, mwanangu. Wazazi wengi walikuwa wakiwaambia watoto wao hivyo chini kwa chini, na mimi nikajiona mjanja kama wao.

Sasa ile karatasi ya Mwalimu Ndimbo ilikuwa ya moko, ule mtihani wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa. Maswali ya kuchagua, swali moja majibu matano, na kila swali lilikuwa na mkasi mwekundu wa kosa. Akaniambia, "Mama Hawa, mtoto asiyejua kitu angebahatisha mawili matatu. Hata kuku akidonoa hapa angepata. Kuyakosa yote haya, lazima uyajue yote. Nani kamwambia akose?"

Loo! Nilichachamaa. Nikamuuliza yeye anahesabu majibu ya binti yangu ana lake jambo gani. Nikamwambia hapa si shuleni, njia ile pale. Hakubishana. Aliiweka karatasi juu ya kibao cha mbuzi, akaaga vizuri, akaenda zake. Na ile adabu yake nayo niliishuku.

Nikaichukua karatasi, nikamshika Hawa mkono, nikaenda chuoni kwa Maalim Shomari, aliyemfundisha Hawa Kurani na kunifundisha mimi kabla yake. Nilitaka anisaidie kumsema yule kijana. Maalim alisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, akaanza kumsomea Hawa yale maswali moja moja. Hawa anajibu. La kwanza sahihi, la pili sahihi, la hesabu anafumba macho kidogo, sahihi. Hakutetereka hata mahali pamoja. Maalim akavua miwani. "Nani kakutuma?" Mtoto akatazama mkeka. Hakunitaja, maskini, alinisitiri.

Maalim akamwambia atoke nje, akanigeukia mimi. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Wewe unaogopa asije mwongo akamdanganya mwanao. Ukaona bora umtangulie? Umemfundisha kuandika uongo na kuuita utiifu. Tangu leo akikwambia, mama, mimi sijambo, utajuaje kama ni kweli?"

Nilikuwa nimeshuku watu wote wa kisiwa hiki, wenyeji na wageni, sikuwahi kumshuku mtoto wangu. Kumbe njiani siku ile ndipo nilipoanza.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Hawa, mtihani wa taifa ukija, andika unachokijua."

Akanitazama. "Kweli, mama?"

"Kweli."

"Au kwa sababu Maalim kasema?"

Mwanangu, hapo ndipo penye kosa langu, si pale jikoni. Pale jikoni nilikosea kwa hofu. Hapa mtoto alinifungulia mlango, anataka nikae naye chini, nimwambie mama yako alikosea, nisamehe, yale maneno nimeyafuta. Mimi nikaona ananihoji. Hasira zangu hizi! Nikamwambia, "Wewe, toka lini unanipima? Fanya ulivyoambiwa."

Akasema, "Haya, mama." Nami nikaenda kuchota maji, roho imetulia, najiona nimeshatengeneza.

Matokeo yalipotoka, yalibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya shule. Nilikwenda mwenyewe. Nikasoma majina kwa kidole, juu hadi chini, kisha nikarudia, nikadhani nimeruka mstari. Hayumo. Nikarudi nyumbani mbio. Nikamkuta anafua. Nikamuuliza, "Hawa, uliandika nini?"

Akasema, "Nilifanya nilivyoambiwa, mama, kule jikoni. Ulisema kwa hasira, nikajua yale ya Maalim ni ya mbele za watu. Nilidhani unanitega. Nikasema moyoni, nikifaulu utaona sikukusikia."

Nililia mpaka majirani wakadhani nimefiwa. Nikamwendea Mwalimu Ndimbo kwa miguu yangu, yule yule niliyemfukuza, nikamwomba amrudishe darasani afanye tena. Yule kijana alijaribu, haki ya Mungu alijaribu, akaandika barua na kwenda hadi wilayani. Wakamjibu aliyefeli amefeli. Nani atamwamini mama anayesema mwanangu amefeli kwa sababu ananitii?

Hawa sasa ni mtu mzima, analima, ana mume mwema na binti wa darasa la sita. Hakunitukana hata siku moja. Lakini nikimwambia nimekula, anafunua sufuria kuangalia. Na nikiingia wakati mtoto anafanya kazi za shule, anamhamishia barazani. Anasema kuna mwanga zaidi. Sawa, kuna mwanga.

Mwaka huu limezuka jambo la bweni la mabinti wa sekondari, ambako mjukuu wangu atalala akifaulu. Redioni kila siku nasikia kila mtoto duniani apate elimu bora, na mimi nauliza, bora kwa macho ya nani? Nani analala karibu na mlango wa hao mabinti? Hilo sijaliacha wala sitaliacha. Hawa naye anashuku, damu yangu ile. Ila yeye alivaa baibui akaenda mpaka kwenye bweni lenyewe. Akamuuliza matroni nani anashika ufunguo, choo kiko wapi, mtoto akiugua wanampigia nani simu. Alirudi akakaa na bintiye mkekani, akamweleza yote, hata yale yasiyompendeza. Mimi nilikuwa pembeni nachambua mchele.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe mwenye mtoto na wewe utakayempata. Sikwambii uache kushuku, dunia hii si ya kuamini kila anayecheka. Shule ishuku, mwalimu mshuku, hata bweni lenye rangi mpya lishuku. Lakini shaka yako ibebe wewe mzazi kwa miguu yako, uende uulize, uone kwa macho. Usimtwike mtoto akaibebe kwenye karatasi ya mtihani. Na ukimkosea mtoto, mwambie nimekukosea, kwa maneno hayo hayo, kabla hasira haijakuziba mdomo. Majuto ni mjukuu, na wangu mimi anasomea barazani ili nisimkaribie.

Mwenyezi Mungu awape watoto wenu elimu yenye kuwafaa, awalinde waendako na warudiko. Na ninyi wazazi awape ulimi ambao mtoto akiusikia, hahitaji kuuliza mara ya pili. Amin.