Kilichofungwa Hakiingii Nyumbani

Niliacha shule kidato cha pili, mwaka wazazi wetu walipotutoka, ili mdogo wangu asome. Nilianza kuuza mboga sokoni Voi, na nyumbani nikaweka sheria moja tu: kitu kilichofungwa hakiingii. Sababu ni shangazi yetu, aliyetuletea gunia kutoka Werugha akasema ni kabichi. Tulilisukuma chini ya kitanda. Asubuhi tulilikuta jikoni. Kati ya kabichi kulikuwa na jogoo, tena amekasirika.

Tangu hapo kila mfuko ulifunguliwa mlangoni. Mjomba alikataa kufungua begi lake, akalia chakula barazani. Baadaye tulimchungulia: alikuwa akimenya mayai yake ya kuchemsha, saba, peke yake.

Sikujua kwamba mdogo wangu alikwenda na sheria hiyo mpaka chuo kikuu. Mradi wake wa mwisho ulikuwa kuunda upya kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa inayoendesha kompyuta, bila draiva hata moja iliyofungwa. Alinieleza huku nikichambua mchicha.

"Draiva ndiyo inayoongea na kifaa, dada. Kamera ina yake, sauti ina yake. Nyingi ziko wazi, mtu yeyote anaweza kusoma zilivyoandikwa. Lakini nyingine kampuni zimezifunga. Unaambiwa weka tu, usiulize."

"Kama gunia la shangazi."

"Haswa!"

Siku ya kumwonyesha mhadhiri kazi hiyo kwa video ya mtandaoni, saa tisa alasiri, mdogo wangu alikuwa nyumbani. Laptopu ilinguruma tangu asubuhi kama kinu cha kusaga mahindi. Ilipowaka upya, saa nane, kila kitu kilifanya kazi isipokuwa Wi-Fi. Draiva yake ilikuwa miongoni mwa zile alizozifukuza. Simu yake ilikuwa imezama kwenye ndoo ya maharagwe Jumatatu, na yangu ni kabambe, simu ndogo ya vitufe inayojua kupiga na kumulika tu. Kama asingeonekana saa tisa, mradi ungepewa sufuri, na mahafali angeyaona kwenye picha za wenzake.

"Nairudisha ile draiva," akasema, karibu alie. "Naificha kwenye orodha. Hatajua."

"Mjomba mzima alikula barazani kwa sheria hii. Wewe ni nani?"

"Sasa tufanyeje?"

"Hakuna njia ya waya?"

Akanitazama. Draiva ya waya ilikuwa wazi.

Mama jirani, mwenye duka, ndiye aliyekuwa na intaneti tuliyokuwa tukitumia. Waya mrefu pia alikuwa nao, ila alikuwa ameufanya kamba ya nguo.

"Jamani, na kanzu za mzee nianike wapi?" akauliza.

"Nipe mimi, mama."

Ndiyo maana saa tisa nilikuwa nimepiga magoti kando ya laptopu, kanzu mbili mbichi mabegani na shuka kichwani. Kichwa cha waya kilikuwa kimevunjika kibanio, kwa hiyo ilibidi nikishikilie kisichomoke.

Mhadhiri akatokea kwenye skrini. "Hicho kinachochuruzika hapo pembeni ni nini?"

"Ni dada yangu, mwalimu. Ndiye mtandao."

Alisoma orodha ya draiva moja moja, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Maji ya shuka yakanitiririka puani. Nikajizuia. Nikapiga chafya.

Waya ukachomoka. Mhadhiri akaganda mdomo wazi.

"Dada!"

"Inapepesa, enyi watoto! Taa ya intaneti inapepesa!" mama jirani akapiga kelele kutoka dukani.

Nikauchomeka, nikaukaza kwa mikono miwili. Mhadhiri akarudi, akamaliza orodha.

"Sijaona iliyofungwa," akasema. "Lakini umepoteza Wi-Fi. Kwa nini hukuiacha hiyo moja tu?"

Mdogo wangu alinitazama pale chini ya shuka.

"Kwetu hata mjomba hatukumwachia, mwalimu."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Umefaulu. Sasa mwanue dada yako."

Waya ulibaki hivyo hivyo kati ya nyumba mbili, na mama jirani akarudisha nguo zake juu yake. Siku hizi intaneti ikianza kusuasua, hatuhangaiki na laptopu. Tunatoka nje kuangalia kama amefua blanketi.