Bibi Hodi na Mgeni wa Mpungi

Jina la Bibi Hodi halikutoka kanisani wala kwa wazazi wake. Ernesta alilipata akiwa na miaka sitini na minane, kwa kubisha mlangoni pa nyumba yake mwenyewe, ambamo hamkuwa na mtu. Mumewe alikuwa amezikwa miaka minne kabla, na watoto walikuwa Dodoma na Tanga. Hata hivyo, kila alipotoka shamba alilaza jembe chini, akasema, "Hodi," akangoja kidogo, ndipo akafungua taratibu.

Koleta, jirani yake, hakuweza kuvumilia.

"Ernesta, huwa anakukaribisha nani humo ndani?"

"Hakuna anayenikaribisha. Namtaarifu mgeni."

"Mgeni gani asiyetoka nje kusalimia watu?"

"Ana haya."

"Basi, Bibi Hodi, siku akikujibu 'karibu' usiniite. Magoti yangu hayawezi tena kukimbia."

Jina likashika, na kabla ya Jumapili nusu ya kijiji cha Suji ilikuwa ikilitumia.

Mgeni mwenyewe alikuwa sungura jike, mweupe, mwenye sikio moja lililochanika. Kijana mmoja wa kijijini, Zebedayo, alikuwa amefuga sungura kwa ajili ya mnunuzi ambaye hakutokea. Alipochoka kungoja alifungua mabanda, akahama. Victoria, afisa mifugo kutoka Same mjini, alipanda mlimani akawakusanya mmoja mmoja na kuwatafutia nyumba za kuwatunza. Ernesta alikubali kumlea mmoja kwa wiki tatu, kisha aamue kama atabaki naye.

"Usimshtue, bibi," Victoria alimwambia. "Sungura anaweza kufa kwa woga tu. Ukitaka kuingia, mjulishe kwanza."

Ernesta, ambaye tangu ujana alifuata maelekezo hadi nukta ya mwisho, alifanya hivyo. Wiki ya pili sungura alianza kuja kuweka kidevu juu ya mguu wake wakati anasoma Biblia. Nyumba ambayo kwa miaka minne ilikuwa kimya kiasi cha kusikia majivu yakishuka jikoni sasa ilikuwa na pumzi nyingine ndani yake.

Jambo moja tu lilimtatiza. Kila siku saa kumi alasiri, ukungu ulipopanda kutoka korongoni, sungura aliacha kula. Aligeukia ukuta wa mashariki, akasimamisha masikio, akapiga mguu wa nyuma sakafuni mara tatu. Kisha alitulia, kama anayesubiri jibu.

Shemeji yake Ernesta, Loth, ndugu wa marehemu mumewe, aliyaona hayo siku alipoleta ndizi. Aliutazama ule ukuta, ulioelekea upande wa juu ya kanisa.

"Shemeji, huyu aliokotwa wapi?"

Ernesta alimpigia Victoria simu. Binti yule akajibu bila wasiwasi wowote: alimkuta kwenye kichaka cha miti mikubwa juu ya kanisa, amekaa katikati ya vyungu viwili vilivyovunjika.

Loth alivua kofia. Kile hakikuwa kichaka. Kilikuwa mpungi, msitu wa mababu wa ukoo wao, ambamo hakuna aliyekata hata fimbo. Victoria, mtu wa mjini, hakulijua hilo, na Ernesta hakuwa amemuuliza.

"Wewe ni Mlutheri kama mimi, Loth."

"Hata baba alibatizwa, shemeji. Lakini hakuwahi kuokota kuni mle." Alishusha sauti. "Unaujua utaratibu. Kilichotolewa mle kwa mikono hurudishwa ukingoni. Unakifungulia, unakipa mgongo, hukiiti. Kikiingia ni chao. Kikikufuata ni chako, na hakuna atakayekuuliza tena."

Ernesta aliujua. Alijua pia kwamba sungura wa bandani, mweupe vile, hangemaliza usiku mmoja msituni. Lakini kuishi na kitu ambacho bado kilikuwa kinadaiwa hakuweza.

Alhamisi alasiri walipanda, yeye amebeba tenga, Loth ametangulia, kofia mkononi. Ukungu ulikuwa umepanda hadi viunoni mwa miti, na ndege wote walikuwa wamenyamaza. Ernesta alifungua tenga, akageuka. Alisikia nyasi zikichezea tumbo la mnyama. Kisha akasikia mguu: mara tatu.

Kutoka ndani ya mpungi kukajibiwa. Mara tatu, polepole, kwa uzito wa kitu kilichosimama juu ya ardhi yenye uwazi chini yake.

"Twende," Loth alinong'ona. "Usiite."

Ernesta alitembea kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji. Alihesabu hatua. Kufikia thelathini hakukuwa na sauti nyuma yake, na machozi yalikuwa yameanza kumtoka. Kwenye kona ya njia alisimama apanguse uso. Kitu cha baridi kikatua juu ya kisigino chake. Kilikuwa kidevu.

Aliinama kumnyanyua, lakini Loth, aliyekuwa ametazama nyuma, alimshika bega.

"Mbebe tukifika kwenye ua wa kanisa. Sasa tembea tu."

"Umeona nini?"

"Nyasi zinalala nyuma yenu, shemeji. Upana unazidi wa sungura."

Penye ua wa kanisa Loth alitazama tena, akashusha pumzi, akavaa kofia yake. Nyasi zilikuwa zimesimama.

Ijumaa Victoria alifika na fomu.

"Shikamoo, bibi. Umeamua?"

"Marahaba, mwanangu. Anabaki." Ernesta alisaini kwa herufi za kupangwa, kisha akauliza, "Zebedayo alikuwa na wangapi?"

"Tisa. Na wote tisa nimewapata."

"Hakuna aliyesalia juu kule?"

"Hata mmoja. Kwa nini, bibi?"

"Nilitaka kujua tu."

Victoria alipoondoka, Ernesta alivuta kigoda, akapakata ungo wa maharage. Sungura alijilaza chini ya kigoda, ubavu wake ukipanda na kushuka. Ernesta alitoa mawe, akatoa mapepe, akatenga yaliyotobolewa na wadudu. Hakuinua macho kutazama njia ya mlimani. Punje ya mwisho ilipokuwa safi, aliyamimina yote sufuriani, akayaongezea maji, akafunika.