Nchi Alikolala Kalisti

Serafina wa Nyahanga alianza kusoma akiwa na mvi kichwani, akakaa benchi moja na watoto wa komunyo ya kwanza. Mwanawe wa pekee, Kalisti, alikuwa amechukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita, akavushwa bahari, na mwaka wa arobaini na tano ikaja karatasi kutoka bomani: amefia Burma. Serafina alimwuliza karani Burma iko wapi. Karani akaelekeza kalamu upande wa macheo, akampa pole. Basi.

Mtoto akifia nyumbani, mama anajua alipolazwa. Anapalilia majani, anasema naye mawili matatu. Huyu wake amelazwa kwa watu gani? Wanakula nini? Wana huruma na mgeni? Alilala na maswali hayo, akaamka nayo, miaka mitano.

Ndipo Valerian, mwalimu wa dini, aliporudi kutoka misheni na sanduku la vitabu. Kimoja kilikuwa cha habari za kale za nchi za mbali, na Valerian alitaja kwa kupita tu kwamba Burma imo. Kesho yake, kabla umande haujakauka, Serafina alikuwa mlangoni kwake na kuku mkononi, anaomba kufundishwa. Valerian akamwambia asijichoshe, yeye atamsomea. Mama akakataa. Kule misheni aliliona daftari kubwa, kila aliyebatizwa na kila aliyezikwa ameandikwa. Aliamini kitabu cha Burma nacho ni hivyo hivyo, na jina la mwanawe alitaka kulikuta kwa macho yake mwenyewe.

Jirani yake Zuleha, mke wa mwenye duka, hakuacha kumtania. "Mama Kalisti, macho yasiyoona kiwavi kwenye mchicha ndiyo yataona herufi?" Serafina alicheka naye, maana utani wa Zuleha haukuwa na mwiba, kisha akarudia a, e, i, o, u.

Ikapita misimu miwili ya mpunga. Alipoifikia Burma alikwenda nayo polepole, kidole chini ya kila neno. Akawakuta wafalme waliopamba nyumba za ibada kwa dhahabu, akawawaza vijana wa kwao wanaokwenda Geita kuchimba dhahabu isiyojulikana inaishia wapi. Akaukuta mto mkubwa. Akakuta wanawake wameinama majarubani, wanapandikiza mpunga, maji yamewafika miundini. Hapo alisimama siku tatu. Mgongo wake mwenyewe uliujua mwinamo ule.

Kisha Waingereza wakamwondoa mfalme wa mwisho, na habari za Burma zikakoma. Akageuza ukurasa: nchi nyingine. Akarudi nyuma, akatafuta tena. Akakibeba kitabu hadi kwa Valerian.

"Mwalimu, majina yako wapi?"

"Majina gani, mayu?" Valerian aliuliza, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Ya waliozikwa."

Valerian akainamisha kichwa. Akamweleza taratibu kwamba kitabu kile kilipigwa chapa kabla Kalisti hajazaliwa, na kwamba vitabu vya namna ile havina majina ya watu wadogo. Akanyoosha mkono akichukue, kisije kikaendelea kumtonesha.

Serafina hakukiachia. "Nilifuata jina, sikulipata. Lakini sasa wenyeji wake nawajua. Mtoto akilala ugenini, mwalimu, mama huuliza kalala kwa nani."

Mwezi wa kumi na moja, Siku ya Marehemu, waumini walipanga mstari waandikiwe majina ya kuombewa kwenye Misa. Serafina akamtaja Kalisti. Kisha akasema anaye na mwingine wa kuombewa.

"Anaitwa nani?" Valerian aliuliza.

"Jina silijui. Ni mwanamke wa Burma mwenye jaruba karibu na kaburi la mwanangu. Kama amekufa, apumzike. Kama yu hai, Mungu ampe mvua, na akipita pale asimpite kimya."

Nyuma yake mtu aliguna. Valerian akachovya kalamu, akaandika kama alivyoambiwa.