Kigingi Kilichopigiliwa Kiangazi

Nilirudi kutoka chuoni Uganda mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikapewa kazi ya reli: kuchagua mahali pa kujenga kituo kidogo nje ya mji wa Shinyanga. Vituo viwili vilikuwapo hapo awali, vyote vimefungwa. Hakuna faili lililosema sababu. Nilijua tu kwamba nikikosea, cha tatu kitakuwa changu.

Nilipima, nikafuta, nikapima tena. Nilichora ramani saba. Mwishowe nikapigilia kigingi kati ya vile vituo viwili, kwenye mbuga tambarare, udongo mweusi uliokauka ukawa mgumu kama saruji.

Mnyapara wa genge la reli, mzee aliyekaza mataruma yanayoshikilia reli za njia ile tangu ujana wake, alikitazama.

"Pazuri, bwana mdogo. Hata wale wa kwanza walisema pazuri. Nao walikuja kiangazi."

Vibarua wakacheka.

Kila juma mama mmoja alipita hapo na mtoto mgongoni, akimpeleka hospitali mjini kusafishwa kidonda cha mguu. Ilikuwa safari ya nusu siku, na gari moshi lilimpita bila kusimama. Siku ile akaniuliza, "Baba, hapa ndipo litakaposimama?"

"Labda, mama."

"Labda haibebi mtoto," akasema, akaendelea na safari.

Nikamwandikia mkubwa wangu kuomba nisubiri mvua. Alijibu kwa mstari mmoja: nisubiri, lakini nikirudi na maneno badala ya mahali, nisirudi.

Mvua ikaja. Asubuhi ya tatu mnyapara alinipandisha juu ya mawe makubwa yanayoitazama mbuga. Sijaona tena kitu kama kile. Nchi yote ilikuwa maji. Tuta la reli lilikatiza katikati, na sakafu za vituo vya zamani zilikuwa visiwa viwili, ndege weupe, yangeyange, wamesimama juu yake. Hakuna mtu ambaye angevifikia. Kigingi changu hakikuonekana.

Kisha nikawaona ng'ombe. Mamia, mmoja nyuma ya mwingine, wakikatiza maji yale kwa kufuata mgongo wa changarawe ambao kiangazi chote niliukanyaga bila kuuona. Walivuka reli mahali pamoja tu. Nyuma yao walikuja watu, viatu mkononi, vibuyu vya maziwa kichwani, na hakuna aliyekosea hata hatua moja. Nilijikuta nimevua kofia.

"Nani aliwaonyesha njia?" nikauliza.

"Watu walionyeshwa na ng'ombe. Ng'ombe walionyeshwa na nani, sijui. Mimi nimesomea mataruma tu."

Yule mama alikuwa miongoni mwao. Nilishuka mbio na kigingi kipya hadi pale walipovukia. Nilipofika, nikaitazama reli huku na huku: gari moshi lingeweza kusimama pale? Je, mteremko? Je, kona?

"Ngoja kwanza nipime," nikasema.

Mama alimkalisha mtoto kwenye changarawe, akachuchumaa, akakishika kigingi kwa mikono miwili.

"Piga, baba. Nimeshika."

Kituo kilijengwa hapo hapo, na masika yaliyofuata watu walikifikia kwa miguu yao. Lakini asubuhi ile sikuyajua hayo. Niliinua nyundo, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile niliogopa kitu kimoja tu: vidole vyake.