Wavu Usiorudi Majini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika makao ya wazee nje kidogo ya Ujiji, nilifundishwa kumgeuza mtu kitandani. Asiyegeuzwa hutoka vidonda vya malazi, vile vinavyokula nyama pale mfupa unapokandamiza godoro. Nikafundishwa kulisha, kunyoa na kutandika shuka bila mkunjo. Kuhusu mikono ya wazee hakuna aliyesema neno. Afisa Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alikuwa na msemo mmoja: "Hawa wamechoka. Kazi yao hapa ni kupumzika."

Wakapumzika kweli, wengine mpaka wakaacha kuongea.

Mfawidhi aliyemfuata alikuwa mama mwenye haraka, akituita sote "mwanangu," hata tuliomzidi umri. Alileta mtaalamu wa utengemao, kazi ya kukirudishia kiungo uwezo wake, naye akatuambia kusuka na kushona ni dawa. Akina bibi wakaletewa ukindu wa mikeka, na umbea ukarudi ukumbini. Nilifurahi. Mzee anayesengenya bado yupo.

Aliyenitia wasiwasi ni Mzee Bakari, mvuvi wa Kibirizi. Kiharusi kilimlaza mkono wa kulia. Wa kushoto hakuukubali uguse chakula, na kulishwa aliona fedheha. Alipokea uji tu, tena wenzake wakishatoka, akawa anakonda mbele ya macho yetu. Mtaalamu alimpa mpira wa kuminya.

"Mpira wapewe wajukuu," akasema.

Ndipo Mfawidhi akapata wazo. Alinunua wavu mpya, akautoboatoboa kwa mkasi ili mzee apate cha kushona. Mzee Bakari akaupapasa.

"Nani kaukata huu?"

"Mimi, mzee wangu. Ni wa mazoezi."

"Wavu unaenda ziwani lini?"

"Hauendi. Tutautundika ukutani, wageni wauone."

Akausukuma chini. "Wavu usiorudi majini ni utando wa buibui. Shoneni wenyewe."

Mfawidhi alinuna siku nzima. Kesho yake akapanda bodaboda hadi Kibirizi, akarudi na wavu wa migebuka, samaki wa ziwa letu, uliochanwa na mawe, wenyewe wakiusubiri. Mzee aliunusa kwanza. Kisha akashika sindano ya mti kwa mkono wa kushoto, wa kulia akaulaza juu ya wavu usisogee. Mwanzoni mkono ule ulikuwa jiwe la kukandamizia tu. Taratibu vidole vikaanza kubana uzi. Wenye wavu walipokuja kuulizia, aliwakemea: "Ego, ndiyo, nimesikia! Wavu haushonwi kwa kelele."

Waliuchukua, wakavua, wakatuletea migebuka. Tukaipika kwa ugali. Mzee Bakari akanawa, akapeleka mkono wa kulia sahanini. Tonge la kwanza likamwangukia mapajani. Mfawidhi akanyoosha mkono amsaidie, nikamshika kiwiko. La pili likafika mdomoni. Akatafuna.

"Chumvi imezidi," akasema.

Nilikwenda jikoni nikalia, sifichi.

Sasa nimestaafu, niko Mwandiga, na magoti yangu yananiamrisha kukaa. Binti yangu huniletea shanga za kutunga, eti nichangamke. Ni shanga nzuri. Lakini kabla sijatunga hata moja namuuliza ni za nani, na mwenyewe anazitaka lini.