Karani na Neno Samehe

Karani wa wakili wetu hapa Voi hana sauti kubwa. Ukimwambia ajali yako ni mapenzi ya Mungu, husugua meza kwa kidole gumba, akuulize polepole, “Na usukani ulishikwa na nani?” Atasugua hadi umtaje dereva. Nilipompeleka kwake jirani yangu Ndila, aliyevunjwa mguu na lori la mizigo, mjumbe wa mwenye lori alitufuata na karatasi yake.

“Mama, wewe ni Mkristo. Samehe, weka sahihi, tumalize kinyumbani.”

“Nyumbani kwa nani?” karani akamuuliza. “Akiweka sahihi hapo, hashtaki tena.” Akamgeukia Ndila. “Mama, utatembea lini?”

“Daktari mwenyewe hajui.”

“Basi bado hujui unachosamehe.”

Ndila akavuta magongo yake. “Niitie wakili.”