Ndala Moja Kwenye Foleni ya Daftari

Mimi ni mtu wa ndani. Kariakoo nzima inaamka kuhangaika na biashara, mimi nahangaika na pazia. Uchaguzi mkuu uliopita sikupiga kura kwa sababu jina langu lilikuwa Buguruni, nilikopanga zamani, na siku ile Buguruni niliiona mbali kama Mwanza. Tangu hapo, kila nikiulalamikia mtaro unaofurika mlangoni kwetu, Mangi mwenye duka la chini ananikata: "Hukupiga kura, dada. Nyamaza, nunua sabuni."

Safari hii nikamtambia. "Nimeshajiandikisha, Mangi. Kwa mwenyekiti wa mtaa pale, na sahihi nimeweka."

Akacheka mpaka akaacha kupima sukari. "Ile orodha ilikuwa ya kumchagua huyo mwenyekiti, na kazi yake imekwisha. Ya rais, mbunge na diwani ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Waandikishaji wako shule ya msingi hapo nyuma, na leo ndiyo mwisho. Saa kumi na mbili wanafunga."

Ilikuwa saa kumi na nusu. Nikatoka vilevile, na dera langu na ndala.

Foleni ilikuwa imezunguka darasa. Mbele yangu alisimama mama wa Kihindi wa ghorofa ya pili kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe una miguu!"

Ukutani walibandika tangazo la wanaostahili. Raia wa Tanzania: ndiyo. Miaka kumi na nane, au utakuwa umeitimiza siku ya kupiga kura: ninayo mara mbili, na chenji inabaki. Akili timamu.

"Hapo ndipo watakapokukamata," alisema mama. "Na kadi ya zamani unayo? Si unahamisha taarifa kutoka Buguruni?"

Kadi ilikuwa nyumbani, sijui wapi. Nikaangalia simu: saa kumi na moja na robo. Ukitoka kwenye foleni lazima uache kitu cha kukushikia nafasi, nami sikuwa hata na mkoba. Nikavua ndala moja.

"Nisogezee, mama."

"Nitaisukuma kwa mguu. Sitaishika."

Nikakimbia, mguu mmoja mtupu juu ya lami ya moto. Muuza viatu akanipigia kelele: "Dada, mwenzake kaenda wapi? Njoo nikupe pea!" Chumbani nilipekua kabati, godoro, kopo la biskuti lenye sindano na vifungo. Kadi ilikuwa chini ya redio, imekaa kama mwenye nyumba.

Niliporudi, mama alikuwa ameshaingia, na ndala yangu ilikuwa ya kwanza mlangoni. Waliokuwa nyuma yake walikuwa wanaijadili.

"Hii nayo imetimiza kumi na nane?"

"Iulize uraia kwanza!"

Nikaivaa, nikaingia nikihema. Mwandikishaji aliipokea kadi yangu kwa upole. "Ungekuja tu, dada. Hata bila kadi tungekutafuta kwenye mashine."

Akanipiga picha kabla sijafuta jasho.

Kadi mpya nikaipeleka moja kwa moja dukani. Mangi aliitazama ile sura, akajizuia kucheka, akasoma kituo changu cha kupigia kura: shule ileile, dakika nne kutoka kitandani kwangu.

"Haya. Mwaka huu kisingizio gani?"

Nilisimama pale kaunta nikikitafuta kwa bidii. Nikanunua sabuni.